Caravan ya injini moja: mwongozo kamili wa kuirusha na kuitunza, pwani hadi mbugani

Injini ya Caravan, ndege ndogo ya Cessna, ni moja tu. Kila unachofanya na ndege hii, tangu kumimina mafuta alfajiri hadi kufunika pua jioni, kinaanzia hapo. Mtu mgeni akisikia hivyo huogopa injini kuzimika angani. Hofu hiyo ina sababu, lakini isikufiche mengine. Injini yake, PT6 ya Pratt & Whitney Canada imekuwa ikiruka tangu 1961 na imejijengea jina kwa uimara. Mara nyingi kinachoiangusha ni uharibifu wa polepole: joto lililopita kiwango wakati wa kuwasha, chumvi ya bahari iliyoachwa ndani, tarakimu zilizoandikwa bila mtu wa kuzisoma. Na ndege yenyewe inaweza kupotea injini ikiunguruma vizuri kabisa, rubani akiwa ndani ya wingu na mlima ukiwa mbele yake.

Nazungumzia Cessna 208B Grand Caravan yenye injini ya PT6A-114A ya nguvu za farasi 675, ambayo imezoeleka Arusha, Wilson (uwanja mdogo wa Nairobi), Zanzibar na kwenye viwanja vya mbugani. Toleo la EX lina PT6A-140 ya farasi 867 na viwango vyake ni vingine, usichanganye. Neno la mwisho ni la kitabu cha ndege unayoirusha.

Ijue injini kwanza

Hewa inaingilia mbele, kando ya propela, inapelekwa nyuma ya injini, kisha kompresa inaivuta kuelekea mbele. Inachanganywa na mafuta, inawaka, na gesi inapita kwenye turbini mbili ambazo hazikuunganishwa kwa chuma chochote. Ya kwanza inazungusha kompresa. Ya pili inazungusha propela kupitia gia. Ndiyo maana ndege ikiwa imezimwa unaweza kuizungusha propela kwa mkono mmoja na kompresa isitikisike.

Geji za kuzizoea hadi uzione hata usingizini ni hizi. Torki, yaani nguvu ya kuizungusha propela, mwisho futi-pauni 1,865. Kasi ya propela, mwisho mizunguko 1,900 kwa dakika. Kasi ya kompresa, ambayo marubani wote huiita Ng, mwisho asilimia 101.6. Na ITT, yaani joto la gesi kati ya turbini mbili: nyuzi 805 wakati wa kupaa, 765 wakati wa kupanda, 740 ukiwa safarini.

Ng ikisoma asilimia 100, kompresa inazunguka mara 37,500 kwa dakika. Mapanga ya turbini yake yanavutwa nje kwa nguvu kubwa mno huku yakipitiwa na moto. Chuma kikiwa katika hali hiyo hurefuka kidogo kidogo, na kikisharefuka hakirudi. Nyuzi ishirini za ziada leo hutaziona popote. Utaziona baada ya mwaka, fundi akifungua sehemu ya moto, yaani mafuta yanapowakia na turbini zilipo, na kukuta panga limesugua ukuta.

Ukaguzi kabla ya kuruka

Anza na vizuizi: kufuli ya usukani, kufuli ya usukani wa mkia, vifuniko vya mirija ya kasi, plagi za mdomo wa injini, na mkanda wa propela. Mkanda huo unafungwa kwa sababu upepo huzungusha propela na gia zake bila presha ya oili. Ukiusahau ukawasha injini, utaharibu vingi kabla hujafika kwenye leva. Viweke vizuizi vyote pamoja ndani ya ndege, uvihesabu, ndipo upande.

Kisha oili. Hapa wageni hukosea sana. Oili ya PT6 inapimwa injini ikiwa bado na moto, dakika chache baada ya kuzimwa. Ukipima asubuhi injini ikiwa baridi, sehemu ya oili imeshuka na kujikusanya kwingine, kijiti kitakwambia imepungua, utaongeza, na baadaye ziada yote itatapikwa nje. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni cha jana jioni, kilichoandikwa daftarini. Asubuhi kazi yako kubwa ni kifuniko: kiguse, kisukume, hakikisha kimejifunga. Kifuniko kilicholegea kinaweza kumwaga oili yote ukiwa angani, na injini uliyonayo ndiyo hiyo moja. Usichanganye aina mbili za oili.

Mafuta. Toa sampuli kwenye kila bomba la chini ya mabawa, kwenye tangi dogo la akiba, na kwenye chujio. Inua chupa kwenye mwanga. Jet A-1 safi inang'aa. Maji hukaa chini kama duara linalotembea. Tazama pia pini nyekundu ya chujio: ikiwa imetokeza, chujio limeziba na mafuta yanalipita pembeni bila kuchujwa, hivyo ndege hairuki. Ukijazia kwenye mapipa huko porini, acha pipa litulie likiwa limeinamishwa kidogo, vuta kwa pampu yenye chujio bila kugusa chini, na unganisha waya wa umeme tuli kati ya pipa na ndege kabla ya kufungua kifuniko chochote.

Ndege iliyoegeshwa mahali penye mteremko, funga swichi ya tangi la upande mmoja, kama kitabu kinavyoelekeza. Mafuta husafiri kutoka bawa la juu kwenda la chini na kumwagika nje. Kabla ya kuwasha, matangi yote mawili yawe wazi, na tofauti ya pande mbili isizidi pauni 200.

Halafu zunguka: tairi, breki, michirizi ya mafuta au oili tumboni, kingo za propela. Kwenye viwanja vya kokoto, pitisha ukucha kwenye kila panga la propela. Shimo dogo ambalo ukucha unanasa ni mwanzo wa ufa, na fundi alipige msasa kabla halijawa kubwa.

Uzito: hesabu isiyobembelezwa

Uzito wa juu wa kupaa ni kilo 3,969. Ndege tupu yenye viti na sanduku la mizigo la tumboni inakaribia tani mbili na robo. Matangi yakijaa ni takriban lita 1,257, ambazo ni kama kilo 1,000. Kinachobaki ni kilo mia saba na kidogo, na rubani yumo humo. Viti ni vingi kuliko uwezo huo, na hapo ndipo mtego ulipo: unaweza kujaza viti au kujaza matangi, mara chache vyote viwili.

Ndiyo sababu safari za mbugani zina kikomo cha kilo 15 za mizigo kwenye begi laini. Abiria akifika na sanduku gumu la kilo 28, mwambie kwa heshima kwamba litasafiri na gari au ndege inayofuata. Pima begi kwa mizani, usilikadirie kwa kuliinua. Kwa hesabu ya usawa, wazito wakae mbele na mizigo ya nyuma ifungwe kwa wavu. Wakati wa kupandisha watu na kupakia, weka kiegemeo cha mkia, maana wakikusanyika mlangoni nyuma ndege inaweza kukalia mkia.

Kuwasha: sekunde thelathini za bei kubwa

Sehemu hii ndiyo ghali kuliko zote. Usiongee na mtu, usishike simu, usiangalie nani anakupungia mkono.

1. Elekeza pua kwenye upepo. Upepo wa nyuma unasukuma gesi moto irudi ndani, na joto linapanda.
2. Betri isome angalau volti 24. Ikiwa chini ya hapo, tafuta umeme wa nje. Betri dhaifu inazungusha kompresa polepole, hewa inakuwa chache, na mafuta yaleyale yanawaka kwa joto kubwa zaidi.
3. Leva ya dharura ya nguvu iwe nyuma kabisa, mahali pake pa kawaida. Iguse kwa mkono. Ikiwa mbele hata kidogo, mafuta yatamiminika kupita kiasi mara tu utakapoyafungulia.
4. Leva ya nguvu kwenye mwendo wa chini, yaani injini izunguke tu bila kusukuma ndege, wala usiivute kuelekea kurudi nyuma injini ikiwa imezimwa. Leva ya propela mbele. Leva ya mafuta imekata.
5. Pampu ya umeme imewashwa, presha ya mafuta ipo, mtiririko ni sifuri.
6. Eneo la propela ni tupu. Tazama pande zote mbili, piga kelele ya onyo.
7. Washa stata. Taa ya kiwashio iwake, presha ya oili ianze kupanda, Ng ipande.
8. Subiri Ng itulie, isiwe chini ya asilimia 12. Ikiwa bado inapanda, iache ipande. Ndipo usogeze leva ya mafuta kwenye mwendo wa chini.
9. Macho kwenye ITT, mkono ukibaki kwenye leva ya mafuta. Kikomo cha kuwasha ni nyuzi 1,090, kwa sekunde 2 tu.
10. Ng ikifika asilimia 52, zima stata.

ITT ikikimbilia juu na huoni dalili ya kutulia, kata mafuta mara moja lakini uiache stata iendelee kuzungusha, hewa baridi ipite ndani. Usingoje kuona kama itashuka yenyewe. Injini isipowaka ndani ya sekunde 10 tangu ufungulie mafuta, kata, zima stata, subiri mafuta yachuruzike nje, kisha izungushe kavu, yaani bila mafuta, kabla ya kujaribu tena. Stata nayo ina mipaka: kwa betri, sekunde 30 kazi na 60 pumziko, tena 30 na 60, tena 30, halafu nusu saa nzima ya kupoa.

Kiwango kikipitwa, zima, andika joto lilifika wapi na kwa sekunde ngapi, mwite fundi. Abiria watakasirika kuchelewa. Waache wakasirike. Joto lililofichwa ni deni ambalo atalipa rubani mwingine.

Ardhini na kupaa

Ukiitembeza ndege kwenye vumbi, weka kitenganisha vumbi katika hali ya kupitisha uchafu pembeni, mchanga usile kompresa. Kabla ya kupaa kwenye uwanja safi kirudishe kawaida, kwa sababu kinakula nguvu kidogo.

Sasa hesabu ya hewa. Arusha iko futi 4,550 juu ya bahari, Wilson inapita 5,500, Seronera ya Serengeti ni takriban 5,000. Chukua Seronera saa nane mchana, nyuzi 30. Kwa kimo hicho hewa ya kawaida ingekuwa nyuzi 5. Tofauti ya nyuzi 25, kila nyuzi ikiongeza kama futi 120, inakupa futi 3,000 za ziada. Mabawa na injini vitajiona viko futi 8,000. Mbio za kupaa zinarefuka, kupanda kunakuwa kwa kujikongoja, na ITT au Ng inafika kikomo kabla ya torki. Rubani aliyezoea pwani husukuma leva akitafuta 1,865 aliyoizoea Zanzibar, na anachoma injini. Soma jedwali la torki, weka namba yake, na kinachofika kikomo kwanza ndicho kinachoamua.

Kwenye nyasi ndefu au tope ongeza umbali kama kitabu kinavyosema, kisha chagua mahali kwenye uwanja ambapo, usipokuwa umefikia kasi uliyokusudia, unaacha kupaa. Mti, jiwe jeupe, chochote kinachoonekana. Uchague kabla hujasukuma leva.

Milima na mawingu

Tarehe 15 Novemba 2017 Caravan iliyotoka Kilimanjaro kwenda Seronera iliangukia kwenye kreta ya Empakai, watu 11 wakafariki. Tarehe 5 Juni 2018 nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, wote 10 waliokuwemo wakafa. Zote mbili zilikuwa safari fupi, njia zinazorukwa kila siku, na zote ziliishia mlimani.

Kwa hiyo hatua hii ipe uzito uleule wa kuwasha injini. Kabla ya kuondoka andika kimo cha chini kwa kila kipande cha njia, kikijumuisha nafasi ya kutosha juu ya kilele kilicho karibu, si kilicho kwenye mstari wako tu. Andika pia uamuzi: dari la mawingu likiwa chini ya kimo fulani, ninapitia wapi, au ninarudi wapi. Kama unaruka kwa macho na bonde linaanza kujifunga, geuka wakati bado lina upana wa kugeukia, ukiwa umekaa upande mmoja wa bonde ili uwe na nafasi nzima ya kuzunguka. Kama unaruka kwa vyombo, ruka kwa vyombo tangu mwanzo, kwa kimo salama na kibali. Kuanza kwa macho na kumalizia ndani ya wingu ndiko kunakoua. Caravan haina hewa ya kubanwa ndani ya kabini, hivyo ukipita futi 10,000 fikiria oksijeni, na ubongo usio na oksijeni haukuambii kwamba umepungua.

Ikiwa hewa imetulia, kila siku mara moja, acha ndege isafiri dakika kadhaa bila kugusa leva, kisha andika: kimo, joto la nje, kasi, torki, mizunguko ya propela, Ng, ITT, mtiririko wa mafuta. Matumizi yake nayafikia chini.

Injini ikipungua au kuzimika

Sukuma pua chini kwanza. Ndege iliyokuwa inapanda ikipoteza nguvu, kasi inaisha kwa sekunde chache. Ukiwa umetoka tu ardhini, tua mbele yako, ukikwepa kidogo kushoto au kulia. Kugeuka kurudi uwanjani kwa kimo kidogo kumeua marubani hodari.

Ukiwa juu, tafuta kasi ya kuelea, karibu noti 95 ndege ikiwa nzito, na uweke propela katika hali ya kukata upepo, mapanga yakiuelekezea kingo zake. Isipofanywa hivyo, mapanga yake yanakuwa ukuta na unashuka haraka. Chagua uwanja, ndipo uangalie sababu: swichi za matangi, pampu, kiwashio.

Lipo tatizo moja linalofanana na kuzimika. Injini inashuka hadi mwendo wa chini na leva ya nguvu haijibu, kwa sababu kidhibiti mafuta kimekosa hewa ya presha kinayoitegemea. Hapo ndipo leva ya dharura inapofanya kazi. Isogeze polepole sana huku ukitazama ITT na torki: inapeleka mafuta moja kwa moja, injini inajibu kwa ukali kuliko ulivyozoea, na hakuna kinachokukinga na joto isipokuwa mkono wako. Lifanyie mazoezi na mwalimu, ujue mkono unakwenda wapi gizani.

Kutua mbugani

Pita chini juu ya uwanja kwanza. Nyumbu na pundamilia wataonekana. Unachotafuta hasa ni mashimo ya ngiri, tope lililofichwa na nyasi, na mnyama aliyelala kivulini. Angalia pia upepo kwa vumbi au moshi. Wanyama wakiondoka, zunguka utue mara moja, kabla hawajarudi.

Usivute leva nyuma ya mwendo wa chini kabla magurudumu hayajakaa ardhini. Yakishakaa, nguvu ya kurudi nyuma, yaani propela ikisukuma hewa mbele kupunguza mwendo, itumie mapema ndege ikiwa na kasi, kisha iache. Ukiendelea nayo mwendo ukiwa umepungua, propela inarusha kokoto mbele yake na kuzipitia yenyewe.

Kabla ya kuzima, acha injini mwendo wa chini hadi ITT itulie kwa dakika nzima. Kisha weka propela kwenye kukata upepo, kisha kata mafuta. Sikiliza kompresa inavyojizungusha hadi kusimama: inapaswa kuwa laini na ndefu. Mkwaruzo wowote mwambie fundi leo. Pima oili, andika, funika, funga mkanda wa propela. Ukilala porini weka matawi ya miiba kuzunguka magurudumu, maana fisi hutafuna tairi.

Karakana

Chumvi ndiyo adui wa kwanza kwa ndege za Zanzibar, Pemba, Mafia, Mombasa na Lamu. Inaganda kwenye kompresa, na ikifika kwenye turbini, pamoja na salfa ya mafuta, inakula chuma kwa joto kali. Ndege inayoruka pwani muda wote ioshwe kila siku. Inayofika pwani mara mojamoja, kila wiki. Maji yawe safi ya kunywa au yaliyotoneshwa, kamwe yasiwe ya kisima cha pwani. Subiri injini ipoe kama kitabu kinavyotaka, vuta fyuzi ya kiwashio, kata mafuta, pulizia maji huku stata ikizungusha ndani ya mipaka yake, kisha iwashe injini dakika chache ikauke. Kuikausha ni sehemu ya kuosha: maji yaliyobaki usiku kucha ni kutu ya asubuhi.

Tarakimu ulizoandika angani sasa zinalipa. Fundi azichore kwenye mstari, siku hadi siku. Kwa torki ileile, Ng na ITT zikipanda pamoja, kompresa ni chafu. Ioshe uone kama mstari unarudi. ITT na mafuta vikipanda huku Ng ikibaki au kushuka, tazama sehemu ya moto. ITT peke yake ikiruka ghafla siku moja, kagua geji na waya zake kabla ya kuifungua injini. Mabadiliko ya nyuzi kumi yanayoendelea ni habari kubwa kuliko mruko mmoja wa arobaini.

Vipulizia mafuta 14 vitolewe, vijaribiwe na kusafishwa, kwa kawaida kila saa 400, mapema zaidi mnapotumia mapipa. Kipulizia kimoja kinachomwaga mkondo badala ya ukungu kinachoma sehemu moja ya vyuma vya ndani kama tochi ya kuchomelea, na geji ya ITT inaweza isikwambie kitu kwa sababu inasoma wastani. Kagua sumaku inayonasa chembe za chuma na chujio la oili. Unga mweusi laini ni wa kawaida. Chembe zinazong'aa zenye umbo zinamaanisha beringi au gia, na ndege ibaki chini hadi zijulikane zimetoka wapi.

Ukaguzi wa sehemu ya moto huja saa 1,800 na ukarabati mkubwa saa 3,600, isipokuwa mamlaka ya anga imekubali mpango mwingine wa matunzo kwa ndege hiyo. Mwenye ndege na atenge fedha kwa kila saa inayorukwa, tangu saa ya kwanza, kwenye akaunti isiyoguswa kwa mishahara wala vipuri vingine. Kuahirisha ukaguzi kwa kukosa fedha huanzia kwenye vitabu vya hesabu, miaka kabla ya kumfikia fundi.

Na msimu wa mvua ndege ikikosa kazi, usiiache hivihivi. Siku 7 za kwanza vifuniko na mahali pakavu vinatosha. Kuanzia ya 8 hadi ya 28, ziba matundu yote na uweke mifuko ya kunyonya unyevu ndani ya mdomo wa injini na kwenye mabomba ya moshi. Zikizidi hapo, mfumo wa mafuta unajazwa oili ya kuhifadhia, tarehe inabandikwa kwenye usukani kwa karatasi nyekundu, na hakuna anayegusa stata hadi fundi aitoe kwa saini yake.